Uanagenzi wa upishi kwenye jiko la hoteli kando ya ziwa, Mwanza: tathmini yangu

Nayapa mafunzo haya nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya posho na usafiri wa usiku, na nitaeleza. Jina la hoteli naliweka pembeni, maana baadhi ya nitakayosema ni malalamiko, na watu walionifundisha bado wako kazini pale. Itoshe kusema ni hoteli ya kati, iko upande wa ziwa, bustani yake inashuka hadi majini. Wateja wake ni watu wa semina, wasafiri wa Geita na Bukoba wanaolala usiku mmoja, na familia zinazokuja kula sato Jumapili baada ya ibada.

Naandika kwa ajili ya kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayependa jiko, lakini nyumbani hakuna ada ya chuo. Naandika pia kwa mzazi anayedhani kwamba mtoto akienda kujifunzia hotelini amekwenda kuosha vyombo. Inawezekana kweli akaishia kuosha vyombo. Inategemea jiko lenyewe.

Mpango ulikuwa hivi: miaka miwili, mkataba wa maandishi, ada hakuna, posho kila mwezi, chakula cha zamu bure. Ili upokelewe unaleta cheti cha kidato cha nne, barua ya serikali ya mtaa, mdhamini mmoja, na majibu ya kupima afya, ambayo unarudia kila miezi sita kama mtu yeyote anayeshika chakula cha kuuza. Unaanza kwa majaribio ya miezi mitatu. Ukivuka hapo, jina lako linaandikwa kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni mwa stoo, na ratiba hiyo ndiyo sababu kubwa ya nyota nne.

Ratiba inaonyesha kitengo chako na tarehe ya kuhama. Maandalizi, yaani kumenya, kukata na kupima. Supu na sosi. Samaki. Nyama na jiko la kuchomea. Vyakula baridi na saladi. Mikate na keki. Stoo. Kila kitengo kina mpishi anayekusimamia, na siku ya kuhama anakaa na mpishi mkuu wanajaza karatasi yako: nini unaweza kufanya peke yako, nini bado unafanya ukiangaliwa. Karatasi unaisoma na kuisaini. Nimeona majiko mengine hapa mjini ambako kijana anaingia akiwa na hamu ya kazi, halafu mwaka mzima yuko nyuma kwenye ndoo ya viazi, kwa sababu amekuwa hodari wa viazi na hakuna anayetaka kumpoteza. Huyo hajafundishwa. Ametumika kama kibarua wa bei ndogo, na akitoka pale hana cha kumwonyesha mwajiri.

Mpishi mkuu wetu, mzee wa Kihaya aliyeanza kazi kwenye meli za ziwani kabla ya kuhamia mahotelini, alikuwa akituambia kwamba mzunguko huo si hisani. Jiko lililogawanywa kwa vitengo, kila kitengo na mkuu wake, lilipangwa hivyo na Mfaransa Auguste Escoffier, hasa alipokuwa akiendesha jiko la hoteli ya Savoy, London, katika miaka ya 1890. Escoffier mwenyewe aliingia jikoni akiwa na umri wa miaka 13, kwenye mgahawa wa mjomba wake mjini Nice. Hadi leo Ujerumani mtu hujifunza upishi kwa miaka mitatu, sehemu ya muda akiwa shuleni, sehemu kubwa akiwa jikoni kwa mwajiri aliyetia saini mkataba naye. Mzee alitueleza haya ili tusijione kama watu waliokosa chuo wakaangukia hotelini. Kwa kazi hii, kujifunzia jikoni ndiyo njia kongwe, na inaheshimika.

Sibezi chuo. VETA Nyakato wapo, na aliyepita chuoni anakuja na nadharia ambayo sisi tulilazimika kuitafuta. Lakini niliofanya nao kazi waliotoka vyuoni moja kwa moja, wengi walikuwa hawajawahi kupika kwa ajili ya watu 200 wa semina ambao wote wanatoka kwenye ukumbi saa saba kamili na wana nusu saa ya kula. Hilo linafundishwa na semina yenyewe.

Sasa samaki. Kitengo hiki ndicho kilichonipa kazi niliyo nayo leo, na kwa mtu wa Mwanza ndicho kipimo cha jiko lolote la kujifunzia. Hoteli inayokaa kando ya Ziwa Victoria ikikufundisha samaki kwa kukupa minofu iliyoganda kutoka kwenye friza, ondoka.

Sisi tulianzia mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Ukiwa kitengo cha samaki unaamka saa kumi alfajiri, unakutana na mpishi wa kitengo Kirumba, Mwaloni, taa bado zinawaka. Hakuambii ununue yupi. Anakwambia, "Chagua, halafu nieleze kwa nini." Unaangalia macho, yawe yamejaa na yanang'aa. Unafunua mashavu, yawe mekundu. Unabonyeza nyama mgongoni, shimo la kidole lijae lenyewe. Unanusa: samaki mzuri ananukia maji. Kisha unauliza maswali ambayo mama mmoja wa pale ndiye aliyenifundisha. Kila nilipomwamkia "Shikamoo mama," alijibu, "Marahaba mwanangu, usiniulize bei kwanza. Niulize mtumbwi umefika saa ngapi, na huyu samaki amelala kwenye barafu au juu ya maturubai." Swali hilo nalitumia kila wiki hadi leo.

Tulibeba rula. Sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25 hatukununua, hata kama bei ilikuwa ya kushawishi, kwa kuwa kanuni za uvuvi zinakataza. Mzee alikuwa mkali kwenye hilo kuliko kwenye jambo lolote. Alisema jiko linalonunua samaki watoto linajifungia mlango lenyewe, na sisi vijana ndio tutakaokuwa bado tunapika huo mlango ukifungwa.

Na tulifundishwa kuangalia mwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, dagaa wanafuata mwanga, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu na mitumbwi mingi inakaa. Mpishi asiyelijua hilo anaweka dagaa wabichi wa kukaanga kwenye menyu ya wiki isiyo na dagaa. Sisi tuliandika menyu kalenda ikiwa mezani. Kwa dagaa wakavu tulichagua walioanikwa juu ya chanja, tukakataa wa mchangani, maana mchanga ukishaingia unaosha mpaka ladha yote inakwenda na maji, na bado mteja anasikia chembe kwenye meno.

Jikoni kwenyewe kazi inaanza na kisu. Sato unampaa magamba, unamtoa matumbo bila kupasua nyongo, unamchanja mistari mitatu kila upande ili moto ufike kwenye mfupa. Sangara ni somo jingine. Nyama yake ina mafuta na maji mengi, kwa hiyo minofu unaipaka chumvi na ndimu, unaiacha kidogo, halafu unaikausha kwa kitambaa safi kabla haijagusa mafuta ya moto. Usipoikausha, mafuta yanapoa, samaki anachemka ndani ya mafuta badala ya kukaangika, na unatoa kitu kilicholegea. Vichwa na mifupa havitupwi, vinakwenda kitengo cha supu. Bondo, yaani kifuko cha hewa cha sangara, mara nyingi unakuta limeshatolewa mwaloni, na kwa bei yake siwashangai.

Mchemsho wa sato ndio uliokuwa mtihani wa kitengo. Watu wanauona ni chakula rahisi kwa sababu hauna viungo vingi: nyanya, kitunguu, hoho, karoti kidogo, ndimu, pilipili nzima isiyopasuka, chumvi. Urahisi wake ndio ugumu wake, kwa kuwa hakuna pa kufichia kosa. Samaki akishaingia hukorogi tena. Unashika sufuria masikio mawili na kuitikisa. Ukiingiza mwiko umemvunja. Unazima moto nyama ya karibu na mfupa ikiwa bado imeshika kidogo, kwa sababu ataendelea kuiva akiwa kwenye bakuli wakati mhudumu anatembea naye hadi bustanini. Mzee alionja kijiko kimoja, akaangalia mkia kama umebaki mzima, akasaini karatasi. Nimepika vyakula vingi vya gharama tangu hapo, na hakuna saini ninayoithamini kuliko ile.

Kitengo ambacho vijana wengi wanakidharau ni stoo, nami nasema kiwe cha lazima kila mahali. Kule ndiko nilikojifunza kwamba mpishi mzuri anaweza kufunga biashara kwa kutojua hesabu. Mfano tuliopewa ni huu: tuseme kilo ya sangara mzima unanunua shilingi 10,000. Ukitoa kichwa, mifupa, ngozi na matumbo, minofu uliyobaki nayo ni asilimia 40 ya uzito. Basi kilo moja ya minofu imekugharimu shilingi 25,000, na hapo hujawasha gesi, hujaweka mafuta, hujamlipa mtu. Mama lishe wengi, akiwemo mama yangu mdogo aliyenilea na aliyenitia hamu ya kazi hii, wanapanga bei ya sahani kwa kuangalia jirani anauza ngapi. Nilimpelekea hesabu hii akaanza kupima kwa mizani. Sasa anajua sahani ipi inamlipa na ipi anaiuza kwa hasara.

Usalama wa chakula walifundisha vizuri, kwa vitendo. Ubao wa bluu ni wa samaki mbichi, mwekundu nyama mbichi, kijani mboga na matunda, na ukikutwa unakata nyanya kwenye ubao wa bluu kazi inasimama mpaka uoshe kila kitu upya. Kuku anachomwa kipimajoto kwenye paja, isomeke angalau nyuzi 74. Chakula kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 kwa muda mrefu, kwa sababu ndiko vijidudu vinakozaliana, na wali ni wa kuangaliwa kuliko unavyodhani: ukibaki unatandazwa kwenye sinia pana upoe haraka, kisha friji. Kwenye joto la hapa kwetu, wali uliofunikwa kwenye sufuria tangu mchana mpaka jioni ni hatari, na kwenye shughuli zetu za misiba na harusi tunaula hivyo kila siku. Natamani somo hili lingefika kwa kila kamati ya chakula mtaani.

Jambo jingine ninalolisifu kwa moyo wote ni Alhamisi ya vyakula vya kwetu. Ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa, mlenda, sansa (majani makavu ya kunde) ya karanga, na kwa chai ya jioni michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Baadhi ya wanagenzi wenzangu waliona ni kurudishwa kijijini, wakati wao wamekuja kujifunza sosi za Kizungu. Mzee aliwajibu kwamba sosi ya uyoga ipo Arusha, ipo Dar, ipo Nairobi, na wapo watu huko wanaoipika kuliko yeye. Lakini mtu anayejua viazi vitamu vya michembe vinakatwa vibichi na kuanikwa, wakati vya matobolwa vinachemshwa kwanza, na anayeweza kuvipanga kwenye sahani mgeni akaomba tena, huyo anatafutwa. Amekuwa sahihi. Nilipofanyiwa usaili mahali nilipo sasa, waliniuliza swali moja tu la sosi. Mengine yote yalikuwa ya samaki na vyakula vya Kanda ya Ziwa.

Kwa wasichana niseme wazi: jiko la moto lilikuwa na wanaume watupu, na kuna kaka mmoja wa grili aliyetaka niende moja kwa moja kwenye keki "kwa sababu mikono ya dada ni myepesi." Ratiba ya mlangoni ilinilinda. Zamu yangu ya grili ilikuwa imeandikwa na haikuwa na mjadala. Makaa yana joto kali na sinia la nyama ni zito, lakini hakuna kilichonishinda. Kama mahali unapokwenda hakuna ratiba ya maandishi, dada yangu, ujue utapangiwa kazi kwa mtu anavyokuona.

Malalamiko sasa. Posho ilichelewa mara kwa mara, hasa msimu ambao semina ni chache, na hata ikija kwa wakati inatosha nauli na mahitaji madogo, haitoshi kodi ya chumba. Bila mama mdogo kunipa pa kulala nisingemaliza. Kijana anayetoka Ukerewe au Sengerema na hana ndugu mjini ataumia, na hoteli inalijua hili. Ina vyumba vya wafanyakazi vilivyokuwa vitupu upande wa nyuma. Wangeweza kuvitumia.

Zamu ya jioni inaisha saa tano usiku, wakati mwingine sita kama kuna harusi. Daladala za kwenda Igoma au Buhongwa saa hizo ni za kubahatisha, na bodaboda ya usiku inakula posho ya siku kadhaa. Wanaume walitembea kwa makundi. Sisi wasichana tulichangishana. Gari la hoteli lililala pale pale nje. Hili ndilo lililonifanya nizuie nyota, na nimelisema ana kwa ana kwa uongozi siku ya kuaga.

Saa za kazi nazo zilivuka mpaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mwezi Desemba tulizipita kwa mbali. Waliturudishia kwa siku za mapumziko mwezi Januari, ila si zote, na haikuandikwa popote. Pia uliza mapema nani analipa ukiungua. Mwenzetu mmoja alimwagikiwa na mafuta mkononi, hoteli ikamtibu vizuri, lakini siku za mwanzo kulikuwa na mabishano ya nani anatoa fedha wakati yeye amekaa na maumivu. Mkataba wenu useme.

Vifaa ni juu yako. Viatu visivyoteleza, makoti mawili, na kisu. Usinunue seti ya visu kumi vya rangirangi. Nunua kisu kimoja kizuri chenye bapa la sentimita 20 hivi, na jiwe la kunolea.

Kuhusu cheti, hapa ndipo wengi wanapokwama. Hoteli inatoa barua, na barua yetu ilikuwa nzuri kwa sababu iliorodhesha kila kitengo na muda wake. Lakini waajiri wengi wanataka cheti kinachotambulika. Njia ipo: VETA wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi, yaani mtu aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo na anayefaulu anapewa cheti, hata kama hajawahi kukaa darasani kwao. Mimi nilikwenda na barua, na zile karatasi zote zilizosainiwa na wapishi wa vitengo, na picha za vyakula. Karatasi zilinisaidia kuliko picha. Zihifadhi tangu ya kwanza, na toa nakala, kwa sababu jikoni kila kitu kinalowa.

Leo niko kitengo cha samaki kwenye jiko jingine hapa hapa Mwanza, nina kijana mmoja chini yangu, na nimembandikia ratiba yake mlangoni. Mshahara wangu si mkubwa bado. Lakini nimeshapigiwa simu na sehemu mbili nisizoomba kazi, na zote ziliniuliza nimefundishwa wapi. Walipotajiwa lile jiko hawakuuliza zaidi.

Wanapokea wanagenzi wapya wachache kila mwaka, na hawatangazi. Usiende mapokezi, watakuambia acha namba. Pita mlango wa bidhaa, nyuma, kama saa tisa alasiri hivi. Chakula cha mchana kimeshatoka, cha jioni hakijaanza, na mpishi mkuu huwa amekaa kwenye benchi nje anakunywa chai. Mwamkie, kaa ukikaribishwa, na uwe na vyeti vyako mkononi. Huenda akakupa kitunguu na kisu palepale.